Si Niliyoifuta

Wiki iliyopita niliwaambia uongo.

Niliwaambia kwamba sijui nani aliyeweka neno la uongo kwenye kile kipeperushi kilichompeleka mama yangu mahabusu. Nikawaacha mkimlaani mtu huyo pamoja nami. Fundi viatu anayekaa jirani na duka letu alinisomea hadithi yangu mwenyewe gazetini kwa sauti, bila kujua ni yangu, akasema mtu huyo akipatikana achapwe viboko hadharani. Nikaitikia. Nikasema kweli kabisa.

Mtu huyo ni mimi.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Mama ni fundi cherehani. Miaka kumi na minane ameshona kwenye baraza ya soko pamoja na wenzake. Mwaka huu ikapita sheria ya masoko, na ndani yake kuna kifungu cha tisa kinachosema baraza ni njia ya wapita njia, si mahali pa kazi. Askari wa manispaa wakaja na lori, cherehani zikarushwa ndani moja juu ya nyingine kama kuni. Wiki mbili baadaye mama alisimama kwenye mkutano wa kampeni wa mbunge wetu, kipeperushi mkononi, akamwambia mbele ya watu: kifungu cha tisa, wewe ulisema ndiyo. Hakumaliza hata kukaa, polisi wakamchukua. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kusambaza maandishi ya uongo dhidi ya mgombea.

Mama ana sukari. Anachoma sindano asubuhi na jioni. Kituoni walimruhusu ile ya asubuhi tu, tena zamu ikiwa ya afande mmoja mwenye huruma. Na Ijumaa angehamishiwa gereza la mji mwingine, asubiri kesi huko mpaka uchaguzi upite. Pale nilipowaachia ilikuwa Jumatano.

Sasa niseme nilichofanya.

Kazi yangu ni kuchapa kwenye duka la fotokopi. Niliacha shule darasa la tano, lakini vidole vyangu vilimaliza. Bosi hunitambulisha kwa wateja hivi: huyu tunamwita Kimya, hasemi, ila hakosei. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mialiko, malalamiko, na mimi nikiona kosa nalisahihisha bila kumwambia mtu. Mtu ameandika "nina omba", naunganisha. Ameandika "hofisi", natoa ile h. Hakuna anayenishukuru kwa sababu hakuna anayejua. Najua mimi, na ilikuwa inanitosha. Siku nikisahihisha barua ya mwenye diploma, hata chai huwa na ladha.

Siku moja akaja Mkunga.

Huyu ndiye anayegombea dhidi ya mbunge wetu. Jina hilo amepewa na kazi, aliifanya miaka thelathini mpaka akastaafu. Mwenyewe husema nusu ya wapiga kura wa jimbo hili aliwaona uchi kabla hawajajiandikisha. Wagombea wengine walikuja dukani na picha zao wametabasamu, wanataka rangi, wanataka makubwa. Mkunga alikuja na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Alikuwa amekaa siku nne kwenye maktaba ya bunge, ananakili jinsi mbunge wetu alivyopiga kura miaka mitano.

Aliniambia hataki neno lake hata moja liongezwe. Niweke swali kama lilivyoulizwa bungeni, chini yake niweke jibu la mbunge, basi. Watu wana macho.

Zilikuwa kura saba. Kupunguza kodi ya dawa, mbunge wetu alisema siyo. Kuongeza posho za safari za wabunge, alisema ndiyo, na kumbukumbu zinaonyesha alisimama. Maji kwenye shule za msingi, hakuwepo. Kuchunguza daraja lililoanguka na watu juu yake, hakuwepo tena, na siku hiyohiyo alionekana kwenye televisheni akicheza harusini. Nilichapa nikiwa nakasirika, na mimi si mtu wa kukasirika.

Nikafika kura ya sita. Mwandiko wa Mkunga ulisema: "Wasioafiki kifungu cha tisa kibaki waseme ndiyo." Na chini yake: "Mbunge wetu: ndiyo."

Nikasimamisha vidole.

Tangu nikiwa mdogo namsikia spika redioni. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Hata watoto wakicheza bunge nyuma ya nyumba wanasema hivyo. Wasioafiki watasemaje ndiyo? Nikaona Mkunga alikuwa amechoka, mkono umeteleza. Nikatoa "si", nikaweka "na". Wanaoafiki kifungu cha tisa kibaki waseme ndiyo.

Nikatabasamu peke yangu.

Vipeperushi vikatoka dukani moja kwa moja kwenda sokoni, Mkunga akiwa tayari amesafiri kwenda kata za mbali. Kimoja nikaenda nacho nyumbani, nikamsomea mama kwa sababu mama hajui kusoma. Akaniambia nirudie pale pa kifungu cha tisa. Nikarudia mara tatu, kidole changu chini ya kila neno, mpaka akashika kwa kichwa.

Kwa hiyo mnaona. Neno nililiandika mimi, na kinywani mwa mama nililitia mimi.

Nilijua kosa langu siku ya pili baada ya mama kukamatwa, nikiwa dukani. Katibu wa mbunge alikuwa redioni anasoma kumbukumbu za bunge. Siku ile, alisema, kiti cha spika kilikaliwa na mtu wa zamu, na huyo bwana aliuliza swali kichwa chini miguu juu. Wasioafiki ndio walioambiwa waseme ndiyo. Mheshimiwa alisema ndiyo. Maana yake alikikataa kifungu, akashindwa kwa wingi wa wenzake. Halafu katibu akauliza, taratibu kabisa: kama hili ni uongo, hayo mengine sita tuyaamini ya nini?

Kufikia jioni hakuna mtu sokoni aliyekumbuka dawa, wala maji, wala daraja. Walikuwa wanacheka kwamba Mkunga siku hizi anazalisha uongo.

Nikafungua faili la kazi zilizokwisha, nikaitoa karatasi ya Mkunga. "Si" ilikuwepo pale, imeandikwa vizuri, haina hata mkwaruzo.

Sikumwambia mtu kwa siku mbili. Ndipo nikawaandikia ninyi ule uongo.

Jumatano asubuhi nilisikia Mkunga amerudi. Nikaenda kwake kabla duka halijafunguliwa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalinikimbia mlangoni. Nikampa shikamoo, nikaweka karatasi yake mezani, kando yake nikaweka kipeperushi, nikaweka kidole juu ya neno.

Akavaa miwani. Akasoma hii, akasoma ile. Kisha akaivua miwani akaiweka juu ya zote mbili.

"Hii ndiyo kura pekee iliyomwendea vizuri yule mtu," alisema. "Niliitia makusudi, watu wasije kusema namwonea."

Nililia mpaka nikaona aibu ya kulia. Hakunituliza, wala hakunigombeza. Alianza kuniuliza habari za mama kama mtu aliye wodini: amekula lini, anakojoa mara ngapi, mguu una kidonda, midomo imekauka? Nilipomwambia juu ya sindano moja kwa siku, alisimama akachukua mkoba.

Tulikwenda kituoni pamoja. Mkunga akaandika maelezo kwamba kipeperushi ni chake, kosa ni la uchapaji, yule mama aliyemo ndani hana hatia. Afande wa mapokezi alisoma yote, akakunja karatasi kwa heshima, akasema mlalamikaji ni Mheshimiwa, na ni yeye tu anayeweza kufuta malalamiko yake. Mkunga akasema atakwenda tume ya uchaguzi. Afande akasema tume inasikiliza Jumatatu.

Jumatatu inakuja baada ya Ijumaa. Hilo hata mimi wa darasa la tano nalijua.

Nje ya kituo Mkunga alinivuta pembeni, akaniambia niende kwa mlalamikaji mwenyewe. Kuna jambo watanitaka niseme. Nikiona njia zote zimeziba, niliseme.

"Jambo gani, shangazi?"

"Kwamba mimi ndiye niliyekutuma ubadilishe. Wanangoja hilo tu."

Nikatikisa kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Kushindwa uchaguzi hakuui mtu. Sukari inaua."

Alhamisi saa nne nilikuwa kwenye ofisi ya mbunge. Ni chumba kirefu chenye viti vya plastiki ukutani, na picha yake moja kubwa kiasi kwamba popote ukikaa unaona pua. Nilisubiri tangu saa nne mpaka saa saba. Katibu alinipita mara tano. Ni mwembamba, anatembea kwa vidole kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mara ya sita akaniuliza mimi ni nani. Nikamwonyesha karatasi ya Mkunga. Akaisoma, akaniangalia, akaniingiza ndani haraka na kufunga mlango.

Mheshimiwa alikuwa anakula karanga. Katibu akamweleza: huyu ndiye mchapaji, na hii ndiyo asili yake, na mama aliyekamatwa ni mama yake mzazi. Kisha wakaanza kuzungumza wao wawili.

Mimi nina tabia moja, watu hunisahau nikiwa chumbani. Sijui ni ukimya au ni umbo. Nilikaa kwenye ncha ya kiti, na baada ya dakika mbili nilikuwa sehemu ya kiti.

"Lakini nakwambia kitu kimoja," Mheshimiwa alisema, anachekea mkononi. "Siku ile nilijua naunga mkono. Nilisikia waseme ndiyo, nikasema ndiyo. Kumbe nilikataa!"

"Mheshimiwa, hilo tulishazungumza."

"Wewe mwenyewe uliponiletea kumbukumbu, ulikuwa unatetemeka kwa furaha. Miaka mitano nasema ndiyo, mara moja imenitokea ndiyo yenye faida."

"Usilirudie, Mheshimiwa. Hata hapa ndani."

"Hapa yuko nani?"

Katibu akanitazama. Mheshimiwa akafuata macho yake, akaniona, akaacha kutafuna.

Nikatazama sakafu. Nilihisi masikio yangu yanaungua, utadhani aliyesema ni mimi.

Katibu alivuta kiti akakaa karibu nami, akaniita dada yangu. Alasiri hii kuna mkutano kwenye uwanja wa shule. Nitapanda jukwaani. Nitasoma karatasi ya asili kama ilivyo, watu wasikie kwamba Mheshimiwa aliwatetea mafundi cherehani. Kisha nitasema ni nani aliyenituma nibadilishe. Jina moja tu. Nikishuka, gari la polisi litakuwa pembeni ya uwanja na mama ndani yake. Malalamiko yatafutwa hapohapo, niondoke naye.

Nikasema hakuna aliyenituma.

Katibu akasema kwa upole sana: "Sijakuuliza aliyekutuma. Nimekwambia utakachosema."

Nikamuuliza kama naweza kwanza kumpelekea mama sindano yake mchana huu, kwa sababu ya asubuhi ilimkosa, zamu haikuwa ya yule afande. Akatazama saa. Akasema mama atachomwa na mimi mwenyewe, nyumbani kwetu, jua halijazama. Ilinitegemea mimi.

Saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jukwaa, nimeshika karatasi, naomba mvua. Mvua haikuja. Gari la polisi lilikuja, likasimama karibu na goli. Kwenye dirisha la waya nikaona kitambaa cha mama cha kichwa. Kilikuwa kimeegemea waya. Hakikusogea.

Mheshimiwa alihutubia akimaliza kila sentensi kwa jina la Mkunga. Yule, alisema, anayewasomea kura zangu, yule aliyewapokea duniani na sasa anataka kuwarudisha gizani. Watu walicheka pale walipotakiwa kucheka. Kisha akasema kuna binti atakayewaonyesha uongo ulipikwa wapi, na katibu akanisukuma kwa kidole kimoja mgongoni.

Sijawahi kushika maiki. Ina uzito kuliko inavyoonekana. Nilisoma, na watu wakasema hawasikii. Nikasoma tena. Mtu akasema mpeni kiti asimame juu. Nikasoma mara ya tatu, na safari hii sauti yangu ilirudi kutoka upande wa pili wa uwanja, nikashtuka kama nimeitwa.

"Wasioafiki kifungu cha tisa kibaki waseme ndiyo. Mbunge wetu: ndiyo."

Pale mbele walikuwa wamekaa mafundi wa barazani, wenzake mama. Yule tunayemwita Mama Vifungo, ambaye hajawahi kukiacha kitu kipite bila kukigusa kwa ulimi, alinyoosha mkono.

"Hapo sijaelewa, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo yako ilikuwa ya kututoa au ya kutubakisha?"

Mheshimiwa akaichukua maiki kwangu. Alikuwa na haraka, na alikuwa amezoea.

"Mama yangu, mimi nikisema ndiyo, ni ndiyo. Nilisema ndiyo kwa moyo mmoja. Niliafiki."

"Uliafiki nini?"

"Kilichokuwa mezani. Serikali imeleta kitu, mimi nimeafiki, kama siku zote."

Katibu alifumba macho.

"Basi ulituafikia kutoka," Mama Vifungo alisema. "Maana aliyekataa ndiye aliyetubakisha. Binti kasoma sasa hivi, au masikio yangu nayo yamebebwa na lori?"

Kicheko kilianzia kwa mafundi, kikaenda nyuma, kikawa kinapanda na kushuka. Mheshimiwa akasema alimaanisha hakuafiki. Halafu akasema aliafiki kutokuafiki. Mtu mmoja akampigia makofi ya peke yake. Katibu akamnong'oneza, naye akanirudishia maiki kama mtu anayetupa kaa la moto, akasema huyu binti sasa ataje aliyemtuma.

Uwanja ukanigeukia.

Nataka mjue jambo hili, maana nimeahidi leo kusema kweli. Nilikuwa naenda kulitaja jina. Nililishika mdomoni. Nilitazama gari, nikaona kile kitambaa hakijasogea, nikasema moyoni, Mkunga mwenyewe ameniruhusu, nani atanilaumu. Na nilimwona Mkunga. Alikuwa amesimama kando, karibu na ukuta wa darasa, mkoba umebanwa kwapani. Akanipa ishara kwa kidevu. Sema.

Nikafungua mdomo.

"Mkunga," nikasema.

Katibu akatabasamu.

"Mkunga aliandika sawa. Nilikosea mimi. Niliona kama amekosea, nikamsahihisha. Hakuna aliyenituma."

Sikupanga kusema hivyo. Mpaka leo nikikumbuka najiuliza kinywa kile kilikuwa cha nani. Nilikuwa nimebakiza maneno mengine, yale niliyoyasikia ofisini juu ya ndiyo yenye faida, lakini maiki ilikuwa imeshakatwa, na mimi nilikuwa naongea na vidole vyangu.

Katibu hakunigusa. Aliinua mkono tu, upande wa goli.

Gari likawaka.

Niliruka kutoka jukwaani, nikaangukia magoti, nikainuka. Watu walinipisha. Kiatu kimoja kilibaki. Nilikuwa napiga kelele, mimi Kimya, naita mama, naita afande, naita simama. Nilifika mbele ya gari nikaweka mikono yote miwili juu ya boneti, ilikuwa ya moto, sikuitoa.

Aliyekuwa kando ya dereva alikuwa yule afande mwenye huruma. Alishuka, akanitazama miguu, akanitazama uso. Nilimwambia asikie vizuri, mimi ndiye niliyechapa, nimekiri mbele ya uwanja mzima, anichukue mimi amwache mama. Mama anahitaji sindano sasa hivi, si kesho. Nilikuwa nayo, imefungwa kwenye kitambaa kifuani.

Alifikiri. Alitazama jukwaani, ambako katibu alikuwa anapunga mkono twende, twende. Kisha akazunguka nyuma ya gari akafungua mlango.

"Mama, shuka. Mwenye kosa amepatikana."

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye waya. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alinitazama kwanza mimi, kiatu kimoja, magoti yanatoka damu, akaonekana kukasirika kama zamani nikirudi shule nimechafua sare.

"Sishuki," alisema.

Nikamwambia mama, tafadhali.

"Mwenye kosa yupi? Huyu?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilinyooka. "Afande, huyu ni darasa la tano. Atajua wapi mambo ya bunge? Kazi yake pale ni kufagia. Karatasi niliichapa mimi."

"Wewe ulichapa?"

"Mimi. Na neno nililibadilisha mimi, kwa makusudi. Andika hivyo, umrudishe mtoto nyumbani."

Nikasema hajui kusoma, afande, mama yangu hajui hata herufi moja. Mama akasema huyo mtoto ana aibu tangu kuzaliwa, akiogopa husema lolote. Nikasema muulize mtu yeyote sokoni. Mama akasema sokoni wote ni wadaku. Nilichomoa sindano kifuani, nikamwomba niruhusiwe kumchoma kwanza, tubishane baadaye. Mama akaficha mkono wake nyuma ya mgongo, akasema hachomwi mpaka mimi niondoke pale.

Afande alitutazama mmoja mmoja. Watu walikuwa wameanza kutuzunguka. Nilimwona Mkunga akisukuma mabega ya watu, anajaribu kufika, anasema mpisheni huyo mama, mwangalieni midomo.

Afande akatoa daftari mfukoni. Akafungua ukurasa mweupe, akauweka juu ya goti la mama, akachomoa kalamu.

"Haya, mama," alisema, si kwa ukali. "Ulichapa wewe. Niandikie hapa hilo neno ulilolibadilisha. Ukiliandika, binti yako anakwenda nyumbani. Ukishindwa, nyumbani unakwenda wewe."

Nilishukuru Mungu. Nilijua yamekwisha.

Mama, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, aliipokea kalamu, akainama juu ya daftari, akaanza kuandika.